Kemshafti ya Mashindano na Mlima wa Muyama

Mwaka 2013 nilikuwa na pikipiki nyekundu ya Kichina, mchumba mmoja, na kibanda cha paa la nyasi nje kidogo ya mji wa Kasulu. Vyote vitatu nilivipenda, ila viwili vilikuwa havielewani. Wazazi wa mchumba walishanena kupitia kwa mshenga kwamba binti yao hataingia kwenye nyumba ya nyasi. Bati kwanza, harusi baadaye, na yote kabla ya mvua. Sikuona ubaya. Nilibeba abiria na mikungu ya ndizi tangu mwanzo wa mwaka, na ilipofika Agosti pesa ya bati nilikuwa nayo yote. Ilibaki kwenda dukani tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kemshafti.

Kemshafti, kwa ambaye hajawahi kuiona, na mimi nilikuwa mmoja wao siku nilipoanza kuitetea hadharani, ni kijiti cha chuma chenye vinundu kinachokaa kichwani mwa injini. Kikizunguka, vile vinundu vinafungua na kufunga milango ya kuingizia mafuta na kutolea moshi. Kila pikipiki inazaliwa nayo. Lakini ipo ya mashindano, yenye vinundu virefu zaidi, na mtu akikuambia kuna kitu "cha mashindano", akili yako inatoka barabarani yenyewe.

Sababu yangu ya kuitaka ilikuwa ya heshima kabisa. Ilikuwa mama mkwe.

Kwao ni Muyama, na kabla ya kufika Muyama kuna mlima. Sisi waendesha bodaboda wa Kasulu tulikuwa na desturi yetu pale: ukifika chini, abiria anashuka mwenyewe bila kuambiwa, anapanda kwa miguu, wewe unatangulia na mzigo na kumsubiri juu. Hakuna aliyeona ajabu. Wazee walishuka, walimu walishuka, na hata bwana mmoja wa ofisi aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, ambaye mara ya kwanza alinijibu kwamba amelipa kupanda, hakulipa kutembea, mara ya pili alishuka. Mara ya kwanza tulikuwa tumerudi kinyumenyume mpaka kwenye mtaro.

Sasa mama mkwe alikuwa anaumwa mguu, goti limevimba, na hospitali walimtaka Kasulu kila baada ya wiki mbili. Ukoo ukakaa, ukasema mbona tuna mkwe mwenye pikipiki. Nilifurahi mno. Kisha nikakumbuka kwamba kwetu Uha mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hata kumtazama machoni anajizuia. Na kwenye pikipiki watu wanakaa kama maharage ndani ya ganda lake.

Yeye alishalifikiria. Asubuhi ya safari ya kwanza alitoka ndani na mto wa kulalia aliouzungushia kitenge na kuukaza kwa kamba. Tukasalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, kila mtu akiangalia mgomba wake. Akauweka mto nyuma yangu, akakaa nyuma ya mto, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Tukaenda hivyo hadi hospitali, mimi, mto na mama mkwe, na kila tuliyempita alielewa mara moja tunahusiana vipi.

Kushuka ilikuwa rahisi. Kurudi ndiyo habari. Tulipofika chini ya mlima nikapunguza mwendo, nikasubiri. Hakushuka. Asingeshuka, kwa goti lile. Na mimi nimwambie nini? Ukimwambia abiria ashuke, unamwambia ni mzito. Kwa abiria wa kawaida ni taarifa. Kwa mama mkwe ni tusi ambalo mshenga atalazimika kwenda kuliombea radhi kwa magoti na mbuzi. Nikaweka gia ya kwanza, nikamwomba Mungu, nikapanda.

Tulifika kama robo ya mlima. Injini ikaanza kukohoa. Nikasimama, nikajifanya nakagua matairi. Tukaendelea kidogo, nikasimama tena, nikamweleza, huku nikitazama bonde, kwamba pikipiki za siku hizi zinapenda kupumzika. Wanawake wawili waliobeba kuni kichwani walitupita. Nikaondoka, nikawapita kwa fahari, ikazima, wakatupita tena. Ukimya wa mama mkwe una uzito wake, na naamini uliongeza mzigo.

Siku iliyofuata niliwasimulia wenzangu kijiweni, na kijiwe kikageuka chuo. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyewahi kukaa Dar es Salaam wiki tatu, na tangu arudi alikuwa mtaalamu wa kila kitu kuanzia simu hadi ndoa. Yeye ndiye alitamka kwanza kemshafti. Akasema kuna jamaa wa Kibondo amefunga ya mashindano, sasa milima ya kwenda Kakonko anaipanda kwa gia ya tatu.

Ndani ya siku mbili kila mtu alikuwa na msimamo. Wapo waliosema inakula mafuta, wapo waliosema inapunguza mafuta, na mmoja akasema inategemea na rangi ya tangi, tukamheshimu kwa sababu alisema taratibu. Jamaa wa Kibondo naye hakukaa bure. Jumanne alikuwa anapanda kwa gia ya tatu. Alhamisi ilikuwa ya nne. Jumamosi alikuwa amebeba magunia mawili ya maharage na mke, na mke ana mimba.

Nikaenda duka la spea. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye ndugu Tanga, mpole, mwenye sauti ya kukufanya ujione mtoto wa nyumbani. Alitoa kiboksi chini ya meza, akakunjua karatasi iliyolowa oili, na kile kitu kikang'aa. Akanitajia bei. Ilikuwa karibu sawasawa na bati zangu, kana kwamba mtu alikuwa amechungulia mfukoni mwangu.

"Kijana wangu," akasema, "ukifunga hii, mlima utausahau."

Nilirudi kijiweni nikiwa nimeshaamua, na nilikuwa na hesabu nzuri sana. Nikifunga kemshafti napanda milima bila kushusha mtu. Abiria wote wa Muyama watanitaka mimi. Kufikia mwezi wa tisa nitakuwa nimerudisha pesa ya bati, kufikia wa kumi nyumba ya vyumba vitatu, na mama mkwe amefikishwa mlangoni kwake na mto wake haujapata hata vumbi. Hesabu hii ilikuwa na kasoro moja: niliipiga nikiwa nimelala chali.

Ila moyo ulinisumbua kidogo, nikasema nipate ushahidi. Wiki hiyo nikampata mwalimu aliyekosa basi la Kibondo. Nikampeleka, siku nzima ya vumbi, tukafika huko tukiwa rangi moja na barabara. Nikaenda moja kwa moja kijiwe cha Kibondo kuuliza habari za jamaa mwenye kemshafti ya mashindano.

Walinicheka kwa upole. Wakasema huyo hayupo Kibondo, huyo ni mtu wa Kasulu. Wanamjua kwa sifa. Ana pikipiki nyekundu, na anambeba mama mkwe wake mlimani kwa gia ya nne.

Mtu mwenye elimu kubwa angeelewa hapo hapo. Mimi elimu yangu ilikuwa ya kiasi, nikaelewa nusu. Nikarudi Kasulu nikiwaza kwamba, kama sifa zimeshafika Kibondo, ni aibu kuzifanya za uongo.

Kabla ya kununua nikapita kwa fundi, kumwambia tu ajiandae. Alikuwa Mkongo aliyekuja zamani na wakimbizi, akajifunzia ufundi kambini, mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Nilimweleza yote. Akafuta mikono, akachuchumaa kando ya pikipiki.

"Mudogo yangu," akasema, "kile kijiti cha mashindano ni cha mutu anakimbia. Moteri ikipiga kelele ya juu, pale iko na nguvu. Wewe mulima unapanda pole pole, gia ya kwanza. Pale chini itakuwa zaifu kuliko hii yako."

Nikamwuliza, sasa jamaa wa Kibondo je. Akaniangalia kwa huruma. Akasema nibadilishe sproketi ya nyuma, ile sahani yenye meno inayovutwa na cheni, niweke yenye meno mengi zaidi, na yeye atarekebisha valvu, ile milango ya mafuta na moshi. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi. Mbio za tambarare zitapungua, akasema, lakini mlima utapanda.

Nilimshukuru, nikaondoka nimenuna. Nilikuwa nimempelekea ndoto ya mashindano, yeye ananipa sahani ya kupunguza mbio. Nani atasimuliwa Kibondo kwa kupunguza mbio?

Nikapanga kununua kemshafti Ijumaa. Alhamisi ilikuwa zamu ya hospitali.

Tulikwenda salama, mimi, mto na yeye. Wakati wa kurudi, chini ya mlima, nikavuta pumzi na kuweka gia ya kwanza. Hatukufika hata pale pa mara ya kwanza. Ikazima. Nikashuka, nikainama kwenye tairi la mbele, nikalikagua kwa makini sana kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

"Baba," akaniita mama mkwe. Alikuwa hajawahi kuniita. "Mimi naumwa goti. Masikio ni mazima. Hiyo pikipiki inalia tangu kule chini."

Nikasema samahani mama, ni mafuta tu.

"Si mafuta. Nisaidie nishuke."

Alishuka mwenyewe, kwa kweli. Nilichofanya ni kuishikilia pikipiki isimwangushe. Nikaiwasha, nikaishika usukani na kutembea nayo pembeni, yeye upande wa pili ameegemea kiti kwa mkono mmoja, mto ameukumbatia kwa mwingine. Tulikwenda hatua kumi, tukapumzika, hatua kumi, tukapumzika. Kila alipokanyaga kwa mguu ule nilisikia anavyovuta hewa kwa meno. Nilitamani kumbeba mgongoni. Desturi ilikataa, na nadhani mgongo pia ungekataa.

Tulipofika katikati, akasema akitazama barabara:

"Nimesikia ile pesa ya bati inataka kununua chuma cha pikipiki."

Nikasimama. Habari za Kasulu huwa zinafika Muyama kabla ya mtu kuzifikiria vizuri. Nikaanza kueleza. Nilieleza milango ya mafuta, vinundu, Kakonko, gia ya nne. Nilieleza kwamba yote ni kwa ajili yake, asiteseke na huu mlima. Na hilo lilikuwa kweli.

Aliniacha nimalize. Alikuwa mama mwenye adabu.

"Mvua ikianza," akasema, "binti yangu atajikinga na hicho chuma?"

Nilitafuta jibu mpaka juu ya mlima, na ni mlima mrefu, na tulikuwa tunatembea polepole sana.

Kabla hajapanda tena akauweka mto mahali pake, akaupigapiga vumbi. "Mimi mguu huu utapona, au hautapona," akasema. "Ukinishusha sitakuja kushtaki. Lakini ukimwingiza mwanangu kwenye nyasi, hapo nitakuja na mguu huu huu."

Ijumaa nilinunua bati. Nilizipakia kwenye mkokoteni wa kusukuma, nikapita nazo mbele ya kijiwe, na wenzangu wakanitazama kama mtu aliyefeli mtihani. Yule wa Dar es Salaam akasema nimeogopa maendeleo. Kwa fundi nilikwenda jioni ile kwa njia ya nyuma, nisionekane, nikabadilisha ile sproketi.

Kemshafti aliinunua yeye mwenyewe, yule mtaalamu wa Dar es Salaam. Ilipiga kelele nzuri, siwezi kumnyima hilo, injini ilikuwa inanguruma kijiweni hadi kuku wanahama. Barabara ya tambarare hakuna aliyemgusa. Mlimani, ikabidi abiria wake waanze kushuka mapema kuliko wa watu wengine, mita mia mbili kabla, kule mteremko unakotazamana na mlima. Aliwaeleza kwamba mashine za nguvu zinahitaji nafasi ya kuanzia. Walimwamini, na wakawa wanajivunia kutembea zaidi.

Nyumba tuliiezeka Septemba, mimi na wajomba zangu. Siku ya kugongelea bati la mwisho ilikuwa zamu ya hospitali, nikaacha nyundo nikaenda Muyama kumchukua. Wakati wa kurudi, chini ya mlima, nilisimama, nikamwambia mama, leo chagua wewe, kushuka au kukaa. Akasema atakaa.

Tulipanda polepole mno. Mtu mwenye afya angetupita kwa miguu, na wapo waliotupita, wakatusalimia, tukawajibu salamu nzima ya Kiha mpaka mwisho bila kukatishwa na mwendo. Lakini haikuzima. Juu nilitaka kugeuka nimwone anasemaje, nikakumbuka siruhusiwi, nikaangalia mbele.

Nyuma ya mto akaniuliza kama misumari ilitosha. Nikasema ilitosha mama, na mingine ilibaki. Akasema basi, mshenga aje Jumapili.