Mstari Ambao Mbwa Hawakuvuka

Tulikuwa wanne siku hiyo: mimi, wadogo zangu wawili Chebet na Chelang'at, na jirani yetu Mzee Arap Tonui. Wote tungali hapa kijijini, na ukitaka unaweza kuja kutuuliza mmoja mmoja. Sijaongeza kitu.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikalima mboga, sukuma wiki na managu, nyuma ya jikoni. Shamba hilo dogo ndilo lililotulisha na kumweka Chelang'at darasani. Ili udongo upate nguvu, nilichukua damu na mifupa buchani nikafukia kwenye matuta. Hapo ndipo nilipokosea. Mbwa wa mlima mzima walihamia kwetu. Niliweka miiba, nikanyunyiza majivu na pilipili, wakachimba chini ya ua. Yalipobaki matuta mawili, nilichanganya matumbo ya mbuzi na dawa ya kupe.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua imekatika, ukungu umeshuka juu ya majani chai. Mzee alinikuta nikikoroga.

"Hiyo ni ya ng'ombe ama ya mbwa?"

"Ya mbwa, mzee. Hata wako."

"Wangu ana adabu."

"Adabu gani?" Chebet akamwambia. "Jana alilala juu ya managu kama ameolewa hapa."

Mzee alikuwa bado anacheka tulipomwona mwanamke mzee amesimama katikati ya matuta, amejifunga blanketi. Ua ulikuwa umefungwa. Niamini, hakuna kati yetu aliyemwona akiingia.

"Mwaga hiyo," aliniambia, kwa Kipsigis cha zamani sana. "Mbwa nitawazuia mimi."

"Na wewe utataka nini, Kogo?" Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya yeyote.

"Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika boma hili, mniite."

Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina atakalolipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Nililijua hilo tangu utotoni. Je, mtu aliye hai anaweza kuomba kuitwa hivyo? Sikujiuliza. Nilikuwa nafikiria sukuma. Nikasema sawa.

Alizunguka shamba mara moja, polepole, kisha akaingia kwenye majani chai. Mzee aliinama akatazama nyayo alizoacha kwenye tope.

"Fisi," alisema. "Na waliisha huku kabla sijatahiriwa."

Akatueleza kwamba zamani watu wetu hawakuzikwa. Walilazwa kichakani, fisi wakawachukua. Hawana makaburi, na wengine hakuna tena anayekumbuka kuwaita. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda Bomet. Hakuna aliyelia wala kukimbia. Nilimwaga ile sumu chooni, Chelang'at akasonga ugali, tukala.

Tangu jioni ile mbwa walikuja mpaka kwenye mstari wa zile nyayo, wakaketi. Hawakubweka. Walitazama matuta, kisha wakaenda. Mboga zilimea kuliko za mtu yeyote. Watu walinipongeza, nikasema asante, lakini moyoni sikusikia kitu, na hata leo sisikii.

Chebet alijifungua msichana mwezi uliopita. Akina mama waliita majina ya upande wa baba, wakaita ya upande wa mama, wakarudia mpaka sauti zikakauka. Mtoto aliwatazama tu, hakupiga chafya. Kanisani amepewa jina, lakini la ukoo hana. Jana asubuhi nilikuta mbwa wa Mzee amevuka mstari kwa miguu miwili ya mbele, akinisubiri.

Wewe unayesoma, usikubali msaada wa mtu kabla hujamuuliza anaitwa nani. Mimi sikuuliza. Nimeuliza wazee wote hadi Londiani, na hakuna anayelijua jina lake. Deni hilo bado liko, na nitalilipa siku nitakayolipata jina hilo.