Mkeka Ndani ya Gari la Viti Viwili

Si kweli kwamba Damari alimpakia baba mkwe wake garini ubavu kwa ubavu, kichwa wazi, kama watu wawili waendao mnadani. Hayo yamesemwa kisimani, yamesemwa sokoni Mwanjelwa, na hata msibani yakasemwa mbele ya wajukuu. Wala si kweli kwamba mzee aliuawa na lile gari. Mzee alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akalima viazi miaka mingi baadaye, na homa iliyomchukua haikuwa na uhusiano wowote na safari ile. Wanaosimulia zaidi hawakuwamo garini. Waliokuwamo ni watu watatu, na katikati yao palikuwa na mkeka.

Gari lenyewe lilitoka Iringa. Mwaka 1956 Anyitike, mume wa Damari, alikuwa fundi katika gereji moja mjini Mbeya. Alitumwa Ipogolo kufuata vipuri, akalikuta uani kwa mkulima mmoja wa tumbaku, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Lilikuwa gari fupi, jekundu, wazi juu, lenye viti viwili tu, gari la watu wanaopenda kukimbizana. Mwenyewe alisahau kumwaga maji ya rejeta usiku mmoja wa Juni, maji yakaganda ndani ya injini, chuma kikapasuka. Anyitike alilichukua kwa bei ya vyuma chakavu. Injini ya kuweka badala yake aliipata Kalenga, kwenye trekta dogo lililopinduka korongoni. Ilikuwa injini ya dizeli.

Wenzake gereji walicheka. Isakwisa, jirani yake, alicheka zaidi.

"Fundi, umemvisha sungura viatu vya ng'ombe!"

"Ngoja utaona," Anyitike alisema.

"Nitasikia kwanza. Hilo likiwaka, mtu wa Tukuyu ataamka."

Kazi ilifanyika nyumbani, Isongole, chini ya kibanda cha mianzi nyuma ya jiko. Injini ilining'inizwa kwa mnyororo kwenye magogo matatu, ikashushwa, ikagoma kuingia, ikapandishwa tena. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake na nzito mno. Anyitike alikata chuma cha mbele, akatoboa boneti, akaongeza jani la springi ya lori ili pua ya gari isilale chini. Bamba la kuunganisha injini na gia alilichonga kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kwa kuwa kazi nyingine zilitaka watu wawili, Damari, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kanisa, ndiye aliyekuwa mtu wa pili. Alishika taa, alishika spana, na gari lilipoanza kutembea, alishika usukani huku mume wake akikimbia kando yake akisikiliza vyuma. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuendesha. Hakutafuta sifa.

Roho yake haikutulia hata siku moja katika miezi ile, na sababu haikuwa injini. Sababu ilikuwa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wala haonwi naye. Akimsikia njiani huacha njia, huchuchumaa majanini na kujifunika. Hali chakula naye, hasemi naye, jina lake halitaji. Ndiyo maana halitaandikwa hapa. Na mzee huyu, mzee wa kanisa, mwenye boma lake upande wa pili wa kijito, alilipenda lile gari kuliko wote. Kila alasiri alikuja kulitazama. Alikohoa mbali ili kumwonya mkaza mwana wake, naye Damari aliacha spana na kukimbilia nyuma ya jiko, mikono ikichuruzika mafuta.

"Anyitike," mzee alisema siku moja kwa sauti ya kumfikia aliyejificha, "msaidizi wako ana mbio. Usimpoteze."

Damari alicheka kwa ndani. Lakini hofu ilibaki palepale. Baba yake mwenyewe alikuwa mchungaji, na alimlea akijua kwamba msichana wa shule akikosea adabu, watu hawasemi amekosea. Husema shule imemharibu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya Machi, ukungu umelala juu ya Uporoto tangu asubuhi. Mzee alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Mchana huo ilimbana, tumbo likawa gumu, akaanza kutapika. Silvester, dresa wa zahanati, alimpapasa akatoka nje akiwa amekunja uso.

"Hii inataka kisu. Afike Mbeya leo. Akilala hapa, kesho tutaimba nyimbo za maziko."

Basi lilikwisha kupita. Kwa machela, mwendo ungekula usiku kucha. Anyitike alikimbilia gari. Mota ndogo ya kuwashia haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini ya dizeli, hivyo alitumia hendeli, chuma cha kuizungusha injini kwa mkono. Na pale, kwa haraka, alifanya kosa ambalo kila fundi huwaonya wanafunzi wake wasilifanye: aliishika hendeli kwa kuizungushia kidole gumba. Injini ilirudisha teke. Hendeli ikamgonga kifundo cha mkono wa kulia, na watu waliokuwa barazani walisikia mfupa ukivunjika.

Gari lilisukumwa na vijana mpaka barabarani, likawakia mteremkoni. Lakini mwenye mkono uliovunjika hawezi kushika usukani na huku akibadilisha gia, na katika kilima kizima hapakuwa na mwingine aliyewahi kuliendesha isipokuwa mmoja.

"Haiwezekani!" Lusia, dada wa mzee, alisimama mbele ya boneti. "Mkaza mwana amwendeshe baba mkwe? Afadhali ndugu yangu afe na heshima yake."

"Shangazi, toka hapo," Anyitike alisema, jasho likimtiririka.

"Sitoki. Na wewe Damari, umefundishwa wapi?"

Damari alikuwa amesimama nyuma ya mgomba, kichwa kimefunikwa. Akiendesha, jina la ukoo lingetafunwa. Asipoendesha, mzee angekufa, na jina hilohilo lingetafunwa. Kutoka machelani sauti ya mzee ilisikika, imefifia.

"Anyitike. Mwambie dereva wako asinimwage kwenye kona."

Hapo Lusia aliondoka mbele ya boneti. Akaingia ndani, akatoka na mkeka wa kulalia.

Basi walipanga hivi. Mzee aliwekwa kwenye kiti cha kushoto, amefungwa blanketi. Anyitike alipanda nyuma ya viti, juu ya kifuniko cha sanduku la mizigo, akausimamisha mkeka katikati na kuushika kwa mkono wake mzima. Damari aliingia upande wake akiwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimevutwa hadi kwenye nyusi, macho yakitazama barabara tu. Waliokuwapo waliona.

Walikwenda. Gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kila shimo lilipogonga, upande wa pili wa mkeka ulitoa mlio, naye Damari aliuma mdomo. Alitaka kwenda mbio, akaogopa mashimo. Alitaka kwenda polepole, akaogopa tumbo la mzee. Mlio ulipokoma aliogopa zaidi.

"Baba Juliana," Damari alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "yuko hai?"

"Yuko hai. Tazama mbele."

Juu kabisa, kabla ya mteremko wa kwenda Uyole, injini ilikohoa, ikapunguza nguvu, ikafa. Mtetemo ulikuwa umelegeza nati ya bomba la mafuta, na hewa imeingia. Injini ya dizeli ikishameza hewa haiwaki, hata ukiisukuma mpaka Nyasa. Lazima hewa itolewe: mmoja afungue nati kwa spana, mwingine apige pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu. Mikono mitatu mizima ilihitajika, na Anyitike alikuwa na mmoja.

"Shuka, Mama Juliana."

"Na mkeka?"

"Mkeka utashikwa na nani? Shuka!"

Alishuka. Mkeka uliangukia kiti chake. Bomba lilikuwa na ufa karibu na nati, mafuta yakivuja, na kitambaa cha kufungia pale kilikuwa kimoja tu, kile cha kichwani mwake. Damari alikifungua, akakizungusha kwenye ufa, akakikaza kwa meno. Akapiga pampu. Povu. Akapiga tena. Povu. Mvua ilimwangukia kwenye nywele. Ndipo wanawake waliotoka sokoni wakatokea ukunguni na mizigo yao, wakaona mke wa fundi kichwa wazi, na mbele yake, kitini, baba mkwe. Wakapiga ukelele wa mshangao, wakapita. Maneno yote yametoka hapo.

Lakini hawakutazama vizuri. Kitini palikuwa na blanketi tupu, ungeweza kusema. Mzee, aliyekuwa akijipinda kwa maumivu, alikuwa amelivuta blanketi juu ya kichwa chake mwenyewe, amegeuza uso mlangoni, amejikunja kama wanavyojikunja wakaza wana kando ya njia. Mwanamume wa umri wake, mzee wa kanisa, alijificha yeye ili mke wa mwanawe afanye kazi bila aibu. Hilo halisimuliwi kisimani.

Mafuta yalitoka safi. Gari liliachiwa mteremkoni, likawaka, nao wakashuka mpaka Mbeya breki zikinuka. Hospitalini walimpokea mzee moja kwa moja chumba cha kupasulia. Daktari alisema baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu, utumbo ungeoza.

Kabla hawajamwingiza, akiwa machelani, mzee aliwaambia wabebaji wasimame. Aligeukia ukuta. Damari alikuwa nyuma ya mlango, mgongo wake umeelekea kwa mzee. Kwa mara ya kwanza mzee hakumtuma Anyitike. Alisema naye mwenyewe, maneno machache, na Anyitike aliyasikia akainamisha kichwa.

Lusia alikuja kesho yake kwa basi, na swali la nini kilisemwa ndilo lililomtangulia mlangoni. Mawifi wakauliza, Isakwisa akauliza, mchungaji mgeni naye akauliza kwa upole. Siku hizi wanauliza wajukuu.

"Alikuambia nini, bibi?"

"Aliniambia mimi."

"Lakini watu wanasema—"

"Waache waseme. Mkeka ulikuwapo, blanketi lilikuwapo, nimekwisha kueleza. Alichosema sikisemi. Usiniulize tena."