Kasha Moja la Hati Mlazo

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Fundi Mlazo, na mwenyewe alicheka, maana miaka ya kuinamia meza ya herufi ilikuwa imempinda shingo upande. "Nimefanana na kazi yangu," alisema.

Alikuwa mpanga chapa. Herufi zilizosimama wima aliwaachia wenzake wapangie matangazo ya mnada. Lakini hati mlazo, zile herufi za madini ya risasi zilizoinama kama mtu anayemnong'oneza mwenzake, zenye vikucha vyembamba miguuni, hakutaka mkono mwingine uziguse. Mkia wa f hutokeza nje ya kipande chake. Ukiubana vibaya unavunjika, basi tena. "Hizi ni za kubembeleza," aliwaambia. "Maneno ya harusi. Msiba usemwe kwa herufi zilizosimama." Na kasha lilikuwa hilo moja tu. Kadi moja ikipangwa, nyingine husubiri mpaka ile ivunjwe, herufi zirudi kwenye vijumba vyake.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipochumbiwa, Fundi alimpangia kadi mwenyewe. Katikati ya herufi za jina lake alitia vipande vya nafasi, ili lipumue. Kabla kadi haijachapwa, homa ikamchukua binti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangazo la msiba walimpangia wenzake, kwa herufi zilizosimama.

Kadi ikabaki rafuni, imefungwa kwenye fremu yake ya chuma. Kila asubuhi Fundi aliipangusa vumbi. Wateja wa harusi wakarudishwa mmoja mmoja, hadi maji yakamfika shingoni mwenye kiwanda. Siku alipokuja bibi harusi mwingine na mama yake, mwenye kiwanda akamvuta Fundi pembeni.

"Kaka, nimekuvumilia. Kasha ndilo hilo hilo."

"Niachie leo tu, bwana."

"Leo yako imekuwa miezi."

Fundi akafungua fremu. Wenzake wakajifanya wametingwa na kazi. Alianza na tarehe, akaja ukumbi, jina la binti akaliacha mwisho. Nalo likatoka, herufi hii huku, ile kule. Aliona anamzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yake.

Akapanga kadi ya wateja bila kuinua uso, akapaka wino, akachapa moja ya majaribio. Bibi harusi akaisoma akitabasamu, kisha akasita.

"Baba, imependeza sana. Ila jina hili si langu."

Fundi akaichukua karatasi. Vidole vilikuwa vimeokota herufi zile vilizozizoea, hata nafasi za kupumulia hazikukosekana. Pale kwenye karatasi binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na mchumba wa mwenzake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Akarudi mezani, akashika koleo yake ndogo, akaanza kulitoa jina tena.