Mstari Mmoja Chini ya Jina la Dismasi

Saa tisa alasiri, banda la dagaa hapa Bangwe linageuka darasa. Magunia yanasogezwa ukutani, mlango uliong'oka bawaba unaegemezwa nguzoni uwe ubao, na Mwalimu Eufrasia anafuta mikono kwenye kitenge chake. Harufu haiondoki, lakini anayeisikia ni mwandishi wa habari hii peke yake.

"Merina sells fish," anaandika kwa chaki. Merina anauza samaki.

"Sells nini?"

"Fish!" wanajibu watu wazima kumi na wanane, wawili wao wakiwa na watoto mgongoni.

"Basi hiyo ndiyo inayopokea tendo. Shika kitenzi, uliza nini au nani. Jibu litakuja lenyewe."

Mbinu hiyo aliitumia Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikofundisha Kifaransa miaka kumi na miwili. Vita vya 1996, miaka saba sasa, vikamleta Kigoma kwa mashua, yeye na binti zake wawili. Mumewe, Dismasi, alirudi gatini kuchukua mzigo uliosahaulika, na mashua haikumsubiri.

Asubuhi Eufrasia, mwenye miaka arobaini na mmoja, huanika dagaa wa Mzee Bonifasi, mwenye banda, na malipo yake makubwa ni kuachiwa banda hilo alasiri. Wanafunzi huchanga shilingi mia tano kwa mwezi. Asiye nayo huleta fungu la dagaa, kana kwamba mwalimu ana upungufu wa dagaa.

Safari hii mambo ni mazito. Zahanati moja inayohudumia wakimbizi inatafuta wakalimani wanne, na mtihani ni Ijumaa. Swali la kwanza huwa lilelile: soma sentensi ya Kiingereza, pigia mstari neno linalopokea tendo. Kwa Shukrani, mwanafunzi wa miaka ishirini na mitatu anayewalea wadogo zake watatu kwenye chumba cha kuazima huko Gungu, kazi hiyo ni tofauti ya kula mara moja na kula mara mbili.

Wiki iliyopita mwalimu aliwapa jaribio. Penye samaki, maji au wavu, wote walipata. Penye jina la mtu, wote walikosa. Hakuna aliyepiga mstari.

"Nilikasirika kabisa," anasema Eufrasia. "Nikarudia somo siku tatu. Nikadhani Kiingereza kimewashinda, au miye ndiye niliyeshindwa."

Siku ya nne Shukrani akasimama. "Mwalimu, utusamehe. Jibu tunalijua. Lakini mtu hatumpigii mstari. Unakumbuka orodha ya bandarini?"

Nani asiyeikumbuka? Miaka ile waliokuwa wakitafuta ndugu walibandika majina kwenye ubao mmoja pale bandarini. Karani akiona mtu hatarajiwi tena, alipiga mstari mwekundu chini ya jina. Kesho yake jina halipo. Tangu hapo, kwa watu hawa, kumpigia mtu mstari ni kumzika kwa kalamu.

"Niliona haya," anasema mwalimu. "Nilipotazama ubao wangu, na miye majina ya watu nilikuwa nayazungushia duara. Miaka yote hiyo! Jina la Dismasi lilipigwa mstari mbele ya macho yangu. Sijarudi pale tena."

Duara lingewatosha humu bandani. Ijumaa lingewaangusha wote.

Leo, baada ya samaki wa Merina, anachukua chaki mpya. Kisha anaandika: "Eufrasia will meet Dismasi." Eufrasia atakutana na Dismasi.

"Will meet nani?"

Mtoto mmoja mgongoni anakohoa.

"Nimeuliza, will meet nani?"

"Dismasi," anasema Shukrani, kwa sauti ndogo.

Mwalimu anaweka chaki chini ya jina la mumewe. Mwandishi anageuza uso kutazama magunia. Mwalimu anapiga mstari, taratibu, mwanzo hadi mwisho wa jina.

"Nimemfuta?"

"Hapana, Mwalimu."

"Anasomeka?"

"Anasomeka."

"Haya, zamu yenu."

Kalamu zinaanza kukwaruza. Shukrani anaandika kwamba atampata mama yake, anasita, kisha anapiga mstari chini ya neno mama. Umepinda, lakini upo. Anafuta macho kwa kiganja na kusogeza daftari likasahihishwe.

Je, watapita Ijumaa? Eufrasia anaamini angalau watatu watapita, na Shukrani akiwa mmojawapo. Mwenyewe hatakuwepo mlangoni kuwasubiri. Wakiwa ndani ya mtihani, yeye atakwenda bandarini, ambako ubao ule bado upo, kumwomba karani aandike jina la Dismasi upya.