Kiti Ambacho Bi Futi Hakukikalia

Walimwita Bi Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Kazi yake ilikuwa kupanga upya ofisi za watu, na alikuwa na utaratibu uliowachekesha wenzake: kabla hajachora hata mstari mmoja, alikaa saa nzima kwenye kiti cha kila mfanyakazi, akiandika mwili unalalamikia nini. Jua la machoni, miguu isiyofika chini, feni inayopuliza kisogoni. Watu walimpenda kwa hilo. Nani mwingine aliwahi kujali mgongo wa karani?

Safari hii kiti kimoja alikiruka. Kilikuwa cha masijala, chumba yanakotunzwa majalada yote ya ofisi, na mwenye kiti alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka minne. Bi Futi aliogopa maneno ya watu, wasije wakasema anapendelea ndugu. Ulikuwa woga mtupu, akaupa jina la uadilifu.

"Mama mdogo, wewe ungependa nini?" alimuuliza harakaharaka, wamesimama mlangoni.

"Mimi niache nilivyo, mwanangu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

Bi Futi akacheka, akaandika: hana mahitaji.

Wafanyakazi wakapewa likizo ya wiki mbili, mafundi wakaingia. Kwenye masijala, vishikio vya makabati ya chuma vilikuwa vimefungwa vipande vya uzi, kimoja kina fundo moja, kingine matatu, vingine hadi saba. Bi Futi aliona uchafu tu. Alichukua mkasi akavikata mwenyewe, na makabati yakaenda kwenye chuma chakavu. Mahali pake pakaja ukuta wa kioo, makochi laini, mimea, na makabati meupe yasiyo na vishikio, ambayo ukiyasukuma kidogo yanafunguka. Mtu akiingia pale alijisikia amekaribishwa.

Siku ya ufunguzi, meneja, mtu mpole anayependa kuwaonyesha wageni vitu vyake, akaita, "Mama, hebu tuletee jalada la mkataba wa jengo."

Mama mdogo akainuka kwenye kiti chake, kilichobaki palepale. Akapiga hatua saba, akakata kulia kama alivyofanya kwa miaka ishirini, akakiingia kile kioo uso mzima. Kishindo kilisikika ofisi yote. Mtu mmoja akacheka. Mama mdogo alirudi nyuma damu zikimtoka puani, mikono ikipapasa hewa.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

Mlango ulikuwa wazi, hatua moja kushoto kwake.

Bi Futi akakumbuka zile nyuzi. Mama mdogo alikuwa haoni, isipokuwa karatasi aliyoisogeza hadi puani. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua, kwa sababu hatua alikuwa anazihesabu na makabati alikuwa anayasoma kwa vidole.

"Nenda kapumzike, mama," meneja alisema kwa upole. "Tutazungumza." Kila mtu pale alijua maana yake.

Bi Futi alimpeleka msalani, akamkandamiza pua kwa kitambaa kilicholowa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri." Mama mdogo hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nilisikia umekaa kiti cha dereva. Umekaa cha mlinzi. Nikasema, zamu yangu ikifika, mwanangu atajua mwenyewe, wala sitalazimika kulitamka."

Jioni ile, watu walipotawanyika, Bi Futi aliingia masijala akakaa kwenye kile kiti. Alifumba macho, akainuka, akaenda amenyoosha mkono kutafuta jalada lolote, la mwaka wowote. Akapapasa kabati moja, la pili, hadi la mwisho ukutani. Kazi yake ilikuwa safi. Hapakuwa na hata mahali pa kushika.