Njia za Ukili Nilizoota

Ulikuwa mwaka tuliokula bada, ule ugali mweusi wa makopa ya muhogo, kwa mboga chungu ya mchunga asubuhi na jioni. Mahindi yalikauka yangali kimo cha kiuno, Kwaluguru nzima ikarudi kwenye muhogo, na sisi tuliokuwa na makopa darini tukaonekana matajiri. Ndio mwaka niliomzika binti yangu. Homa ya siku sita, basi. Akaniachia mtoto wa kike wa miaka minne na mafungu mawili ya miyaa ya kusukia aliyokwisha kuitia rangi, nyekundu na nyeusi.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kusuka mikeka hakuna wa kunifundisha. Hivyo ndivyo nilivyojisifu. Kumbe miaka yote nilisuka alichosuka mama yangu, njia zilezile, kama mbuzi anayerudi zizini. Binti alipokwisha kulala kaburini ndipo nikaanza kumwota. Amekaa barazani, hasemi kitu, anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, kwa njia nisizowahi kuziona: nyekundu inajificha chini ya nyeusi, inatokea mbele imepinda.

Sisi wasukaji tuna mwiko. Ukiota njia za ukili, usifungue mdomo hata kwa salamu mpaka umesuka shibiri moja. Ukisema, zinakwenda. Basi nikawa naamka bubu. Mtu akipita nampungia mkono tu. Akisema mama yule kachanganyikiwa, shauri yake. Vidole vikatoa vitu ambavyo sikujua vimo ndani yangu. Nilisuka nalia, lakini nikajijua: kumbe sikuwa mkono wa mama yangu peke yake.

Mkeka ule wa miyaa yake ulipofika nusu, asubuhi moja nimetoka kuota, sijasuka bado, mjukuu akanishika kanga.

"Bibi, umemwona mama?"

Ningefanyaje? Nikasema, "Nimemwona."

Tangu siku ile sijamwota tena. Na mtoto sijamwambia kwa nini.

Sasa kakua, anaolewa Magoma, na anautaka mkeka ule, maana hana kingine cha mama yake. Mdogo wangu alikuja kunisuta.

"Dada, huo mkeka unaufuga? Malizia kwa njia za kawaida, nani atakagua?"

"Siumalizi. Kamwulizeni aliyenionyesha."

"Aliyekuonyesha yuko udongoni!"

"Basi ngojeni."

Si ukaidi. Nimejaribu, nimefumua mara nne. Vidole vinarudi kwa mama yangu. Nikilazimisha, nitakachompa mjukuu ni mkeka wa sokoni wenye kiraka cha mama yake.

Juzi mjukuu akaja jikoni kabla sijainjika chai.

"Shikamoo bibi. Nimemwota mama! Kasema nyeusi ipite juu mara mbili, halafu umalizie."

Mikono yake mitupu. Hakuwa amesuka hata upana wa kidole. Aliyeota haamki akisalimia, na mama yake kwenye ndoto hafungui mdomo. Nilijua anadanganya, naye akaona kwamba nimejua, macho yakamjaa machozi. Kidogo nikubali, nimwambie lete miyaa. Nikauangalia ule mkeka nusu, umesimama ukutani, nyekundu imeingia chini ya nyeusi na haijatoka.

"Bibi, hata kwa ajili yangu?"

"Siumalizi. Kamwulizeni aliyenionyesha."