Itatokaje?

Baba yangu kazi yake ni kuchagua mahali pa kusimika zile kreni ndefu za ujenzi, na hamwamini mtu. Mhandisi akisema, "Tuiweke katikati, itafika kila kona," baba humkazia macho: "Jengo likishaizunguka, itatokaje?"

Sawa, huko kazini ana haki. Lakini jana nilimleta mchumba wangu nyumbani. Baba alimkagua toka utosini hadi unyayoni, akaona alivyojiachia kwenye kochi la katikati. Akanivuta jikoni, akaninong'oneza, "Huyu akishazoea humu, atatokaje?"

Nilitaka kupasuka kwa hasira. Mama, bila hata kuacha kuosha vyombo, akamjibu: "Marehemu baba yangu aliniuliza hivyohivyo siku ulipokuja wewe. Mpaka leo sijapata jibu."